Mengineyo Kwanza

Alhamisi moja ya Februari 2011 nilisimama mbele ya wazazi mia moja na ushei, chini ya mti wa jakaranda, nikawasomea majina ya wanaodaiwa. Karatasi nilipewa na mwalimu mkuu wa wakati huo. Alinichagua kwa sababu nina sauti inayofika mbali, nami nikajiona nimepewa cheo. Jina la mzazi, darasa la mtoto, kiasi cha deni. Upepo ulikuwa ukizoa vumbi la uwanjani na kutumwagia usoni. Husemwa kwamba jina Nakuru limetokana na neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na anayeshuku aje huku mwezi wa pili.

Kufika jina la kumi na kitu, mama mmoja aliyejifunga leso ya kijani aliinuka. Deni lake lilikuwa shilingi 350. Hakujibu, hakutukana. Aliifungua leso, akaikung'uta vumbi, akaifunga upya kiunoni taratibu kama mtu aliye peke yake nyumbani, kisha akatoka langoni. Nilingoja apite ndipo nikaendelea na jina lililofuata. Wiki iliyofuata mwanawe hakuja, wala wiki ya pili. Nikaandika kwenye rejista "amehama", nikafungua ukurasa mwingine.

Nafundisha shule ya msingi ya umma upande wa magharibi mwa mji, huku kwenye mitaa ya Kaptembwo na Rhonda, tangu 2009. Kila nikiketi na walimu wageni wanaoletwa kwetu huisikia sentensi niliyokuwa nikiisema mwenyewe: wazazi wa huku hawajali. Niliiamini miaka mitano mizima. Walionitoa humo ni watu wawili watatu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa kwenye kamati ya shule.

Kwanza niseme deni lilitoka wapi, maana msomaji atashangaa shule ya bure inadai nini. Elimu ya msingi ilifanywa bure mwaka 2003. Serikali ikawa inatoa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mtoto, 650 za vitabu na vifaa, 370 za kuendeshea shule. Piga hesabu ya umeme, maji, ukarabati na mishahara ya wasaidizi kwa hizo 370. Hazikutosha, kwa hiyo tukawa tunaomba pesa za mlinzi, pesa za karatasi za mtihani, pesa za hiki na kile. Mzazi anasikia redioni "bure", akifika langoni anasikia "lete". Hapo ndipo imani ilipotoboka, na sisi walimu hatukuliona tundu kwa sababu tulikuwa upande wa ndani.

Tena kulikuwa na jambo lingine ambalo halikuandikwa kwenye ajenda yoyote. Nilifika shule hiyo mwaka mmoja tu baada ya ghasia za uchaguzi za Januari 2008. Mitaa yetu iliungua siku zile, watu wakakimbilia uwanja wa maonyesho ya kilimo na kuishi humo kwenye mahema. Waliorudi walirudi wakijua ni jirani gani aliyefunga mlango na yupi aliyefungua. Mkutanoni wazazi walijipanga wenyewe, hawa upande wa jakaranda, wale upande wa ukuta wa vyoo, na katikati nafasi ambayo hakuna aliyetaka kuikalia hata jua likiwaka. Watoto wao wakati huo huo walikuwa darasani wanne wanne kwenye dawati la watu watatu, wanagombania kifutio.

Mwaka 2014 nilikuwa na darasa la tano. Kulikuwa na msichana mmoja mwepesi wa hesabu ambaye rejista yake ilikuwa na mashimo. Nilimwita mara mbili. Mara ya kwanza aliumwa na tumbo, mara ya pili aliumwa na kichwa. Siku moja nikiwa nafanya majumlisho ya mwisho wa mwezi nikaona mashimo yale yana mpangilio: Jumanne, Ijumaa, Jumanne, Ijumaa. Nikatazama majina mengine. Walikuwa tisa, wengi wao wasichana, wote wakikosa siku hizo hizo mbili.

Nilidhani ni soko, au mtu anawaajiri. Jumanne iliyofuata nikamwomba mwenzangu anishikie darasa, nikaenda. Nilimkuta msichana ameketi juu ya mtungi wa lita ishirini kwenye foleni ya mitungi, iliyopangwa kuanzia mfereji wa ploti, yaani nyumba za kupanga zenye ua mmoja, hadi barabarani. Aliponiona alisimama kama aliyeshikwa na wizi. Mwanamke mnene aliyekuwa akikoroga uji wa kuuza pale kando ndiye aliyenijibu.

"Karibu, mwalimu. Umekuja kumchukua? Mchukue, lakini nani atabaki na maji?"

Maji ya mfereji kwenye ploti ile yalikuja siku mbili kwa wiki. Hayakuwa na saa maalumu. Mama wa msichana alitoka saa kumi na moja alfajiri kufuata kibarua cha kufua nguo mitaa ya mbali, na mtungi usiokuwa na mtu hapo kwenye foleni hupigwa teke pembeni. Ukikosa, unanunua kwa mkokoteni, na maji yenyewe ni ya kisima, yale ya Bonde la Ufa yenye floridi nyingi yanayowatia watoto wetu meno ya kahawia. Kwa hiyo mtoto mkubwa wa nyumba hubaki. Kila mtu pale ploti alijua. Msimamizi wa ploti alijua, mzee wa mtaa alijua, muuza uji alijua. Shuleni tulikuwa tumeandika "mtoro".

Nilirudi na wazo la kimwalimu: tuandike barua, tuite wazazi, tuwaeleze kwamba Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule. Ni kweli inamtaka. Ila nilipomwonyesha muuza uji rasimu ya barua (nilikuwa nimeanza kupita kwake kunywa uji, na nimwite Mama Uji) aliisoma yote, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Mwalimu, hii inamtisha mtu ambaye tayari anaogopa. Wewe niletee hao wamama Jumapili jioni, hapa. Usije na walimu wengi."

Kikao hicho kilifanyika uani, kati ya kamba za nguo. Mimi nilipewa kiti cha plastiki na nikakatazwa kukaa mbele. Wamama walibishana karibu saa nzima, na mabishano hayakuhusu shule hata kidogo: nani alimwaga maji ya nani mwaka jana, nani hujaza mitungi kumi wakati nyumba yake ina watu wawili, na chini ya hayo yote, bila kutajwa, ile 2008. Halafu Mama Uji akasema yeye yuko pale kila siku na sufuria yake, haendi popote. Mtu mzima mmoja akibaki naye siku ya maji, wawili hao watajaza mitungi ya ploti nzima, watoto waende shule. Zamu ikapangwa. Atakayebaki atapoteza kibarua cha siku, kwa hiyo kila nyumba imtolee shilingi ishirini. Mitungi iandikwe majina kwa rangi.

Rangi ndiyo iliyotoka shuleni. Kopo moja la buluu lililobaki tulipopaka mbao za madarasa. Huo ndio mchango wetu wote, na hadi leo nikiona mtungi wenye jina la buluu lililofifia huwa nasimama kidogo.

Wale tisa hawakurudi wote. Sita walirudi na kutulia. Mmoja alihamia kwa shangazi yake, wawili wakaendelea kukosa kwa sababu nyingine ambazo sikuzijua kwa wakati. Lakini zamu ilinakiliwa na ploti mbili za jirani bila mtu kuombwa, na kitu kingine kikatokea ambacho sikukitarajia: wamama wale walipokuja mkutano wa shule waliketi pamoja. Ile nafasi ya katikati ilikaliwa na Mama Uji mwenyewe, na watu wakamzunguka.

Baada ya hapo nilianza kuutazama mkutano wetu kwa jicho la mzazi. Ulikuwa siku ya kazi saa tatu asubuhi. Mtu wa kibarua akija amepoteza chakula cha siku hiyo. Anafika anaambiwa angoje mgeni wa heshima. Maombi, utambulisho, hotuba ya mwenyekiti, hotuba ya mwalimu mkuu, matokeo ya mtihani, madeni. Mwisho kabisa, saa saba jua likiwa utosini, mwenyekiti anauliza, "Kuna mengineyo?" Nusu wameshaondoka, waliobaki wana njaa. Hakuna mengineyo. Tunaandika kwenye kumbukumbu kwamba wazazi hawakuwa na la kusema.

Tulikuwa tumepata mwalimu mkuu mpya, mtu mtaratibu asiyependa makelele, nikamwambia: tuweke mengineyo kwanza. Alicheka. Nikarudia wiki nzima hadi akachoka. Tulihamisha mkutano kuwa Jumapili saa tisa, baada ya ibada, kwa kuwa Jumamosi ndugu zetu Waadventista hawangekuja. Tangazo tukaliomba dakika tano kwenye baraza la chifu, na tukawapa vijana wa bodaboda steji ya karibu walitangaze, kwani hakuna mlango wasioujua.

Mkutano huo wa kwanza ulikuwa mbaya. Mengineyo yalichukua saa moja na nusu. Choo cha wasichana hakina komeo. Kitabu kimepotea na mzazi analipishwa wakati mtoto wake hakupewa. Mtoto alirudishwa nyumbani kwa sababu ya viatu. Mwalimu fulani anachapa. Hapo walimu wawili waliinuka wakaenda ofisini na hawakurudi. Niwe mkweli, hata mimi nilitamani kwenda. Sheria ile ile ya 2013 niliyotaka kuwatishia wazazi inakataza kumpiga mwanafunzi, sote tulikuwa tukijua, na viboko vilikuwa nyuma ya kabati la chaki. Kisha baba mmoja akasimama upande wa pili akasema, "Wangu mchapeni, nimewaruhusu," na wazazi wakaanza kuzozana wao kwa wao. Wanaofikiri kwamba mzazi akipewa nafasi atasema mambo ya busara tupu hawajawahi kuketi pale Jumapili saa kumi.

Komeo la choo lilitiwa Jumatatu. Baba mmoja fundi wa vyuma alilitengeneza, sisi tukanunua skrubu. Nalitaja kwa sababu mkutano wa pili watu waliongezeka, na nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa komeo. Tulikuwa tumeahidi mambo mengi miaka mingi. Hili walisema wao siku moja, likafanyika kesho yake.

Mwaka 2019 ulipokuja mtaala mpya wa umilisi kwa gredi ya kwanza hadi ya tatu, kazi za nyumbani zilibadilika. Mtoto anaambiwa aje na picha zilizochapishwa, vifaa vya kuchonga, video iliyorekodiwa. Shule yetu ilifungua kikundi cha WhatsApp na kuona imewafikia wazazi. Darasa langu la gredi ya tatu lilikuwa na watoto 68. Kwenye kikundi walikuwemo wazazi 29. Wengine wana simu za kabambe, zile ndogo zisizoingia WhatsApp, na wengi wa hao 29 hununua bando la siku moja moja. Mama mmoja aliniambia mtoto wake alilia hadi usiku ili apelekwe saiba kuchapishiwa picha ya jembe, na jembe lenyewe lilikuwa limesimama nyuma ya mlango. Siku hiyo nikaacha kuagiza picha. Leteni jembe.

Kazi moja sikuiacha: kila jioni mzazi amsikilize mtoto akisoma dakika kumi, kisha atie sahihi kwenye daftari. Kulikuwa na mvulana ambaye daftari lake lilirudi jeupe kila siku. Aliishi na bibi yake. Nikamwita.

"Mwalimu, mimi sikusoma," alisema kabla sijauliza. "Nikitia sahihi nitakuwa nimeshuhudia uongo."

"Nyanya, wewe sikiliza tu. Akimaliza chora mstari, utanitosha."

Mistari ikaanza kuja, iliyonyooka kama ya rula. Wiki ya pili akafika mwenyewe bila kuitwa, akakataa kiti.

"Mwalimu, hicho kitabu kina hadithi ngapi?"

Nikamwambia zimo nyingi, ila ya wiki hii ni moja, ya sungura na kisima.

"Basi kuna neno. Jumatatu sungura alianguka kisimani. Jumanne akaokolewa na fisi. Jana alioa."

Tulimwita mvulana. Tulimfungulia ukurasa. Sungura hakuanguka wala kuoa. Mtoto alizijua herufi chache za mwanzo basi, na kila jioni alimtungia nyanya yake hadithi mpya akiwa ameshika kitabu wima, anapeleka kidole mstari hadi mstari. Darasani alikuwa akisoma kwa sauti kubwa pamoja na wenzake, sauti 68 kwa mpigo, na midomo yake haikuwahi kukosea kwa sababu ilifuata ya jirani. Mimi, mwenye shahada, nilikuwa nimemwandikia kwenye tathmini kwamba amefikia matarajio.

"Mimi kusoma sijui," nyanya aliniambia tukitoka, "lakini hadithi ikigeuzwa naijua."

Kuanzia siku hiyo niliacha kutegemea usomaji wa pamoja. Nilimweka kila mtoto karibu nami dakika mbili, nikitumia mapumziko na saa ya chakula, ikanichukua karibu wiki mbili kuwamaliza. Nikapata wengine kumi na mmoja kama yeye. Wote wanajua kuimba ukurasa. Yule mvulana alikuwa na kipaji cha kutunga na nilichelea kukiua, basi tukakubaliana: asome kwanza kilichoandikwa, halafu amwongezee nyanya yake kipande. Hadi muhula wa tatu alikuwa akisoma polepole, kwa kidole, na akiongeza vipande virefu kuliko kitabu.

Mwaka uliofuata ukaja na korona. Shule zilifungwa Machi 2020 na madarasa yote hayakurudi hadi Januari 2021. Tulipofungua, watoto kadhaa hawakuwepo, na simu za wazazi wao hazikupatikana. Walioniambia walipo ni vijana wa steji, wale wale wa matangazo. "Mwalimu, huyo yuko kwa wanaopima vyuma chakavu, huonekana na gunia." Nilikwenda na mzee wa mtaa. Wawili tuliwarudisha. Wa tatu alikuwa ameshaonja pesa zake mwenyewe, akanisalimia kwa adabu zote na kuendelea kupima vyuma.

Si kila kitu kilishika. Tulianzisha chakula cha mchana, kila mzazi akitoa mahindi au maharagwe au pesa, na kilidumu muhula mmoja na nusu. Kitabu cha hesabu kilikaa ofisini badala ya kubandikwa ukutani, gunia mbili hazikujulikana zilikokwenda, na maneno yakaanza. Hakuna aliyethibitishiwa lolote. Nilikuwa kwenye kamati hiyo, na nilikuwa nimesema kubandika hesabu ni kumkosea heshima mtunza hazina. Nilikosea, na waliokula hasara ni watoto waliokuwa wamezoea kupata githeri saa saba.

Baadaye tuliirekebisha bodi yenyewe. Kwa mujibu wa sheria wazazi wana nafasi sita kwenye bodi ya usimamizi, na kwa miaka mingi tulikuwa tukizijaza na wenye maduka na wanaojua Kiingereza. Mama Uji alichaguliwa, akakataa, akachaguliwa tena. Kikao chake cha kwanza aliomba kifanyike Kiswahili, na mjumbe mmoja aliyekuwa akinyamaza tangu nimjue akawa hanyamazishiki.

Januari 2023, wiki ile shule zetu zilipokuwa zikihangaika kupata pa kuwaweka wanafunzi wa kwanza wa sekondari msingi, yaani gredi ya saba ya mtaala ule mpya, nilikuwa dirishani nikiandikisha watoto wa chekechea. Akaja mwanamke na mjukuu. Nywele zilikuwa zimeingia mvi mbele, na leso ilikuwa nyingine, ila namna alivyoifunga nilikwisha kuijua. Alinitazama muda.

"Wewe ndiwe mwenye sauti," akasema.

Nikamwambia ndiye mimi. Nikamwomba radhi pale dirishani, foleni ikisikiliza, kwa sauti ndogo kwanza, kisha nikairudia kwa sauti ile ile niliyosomea. Hakusema amenisamehe. Aliuliza, "Bado mnasoma majina?"

"Hatusomi. Siku hizi wazazi ndio huanza."

Akamshika mjukuu begani, akamsogeza mbele niandike jina. "Basi mkutano nitakuja," akasema. "Lakini nitakaa karibu na mlango."

Alikuja. Alikaa karibu na mlango.